Birika Mgongoni mwa Ndama

Fundi wetu hakuwa na saa. Alikuwa na birika. Lilikuwa birika la bati la kijani, rangi imebanduka mdomoni, mkono wake umefungwa waya pale ulipovunjika, na alilitumia kupima kitu kimoja tu: muda ambao mtu anapaswa kukaa mbali na injini iliyopata moto. Injini ikianza kugonga au kutoa moshi usio wake, ilizimwa na chai ikapikwa. Tulikunywa kikombe kimoja kimoja, kisha birika na chai iliyobaki likawekwa mgongoni mwa injini, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifuniko cha ubavuni mpaka bati lile liwe baridi shavuni. Mkono hakuutaka. Alisema mkono wa mfanyakazi umeota sugu, hauwezi kutoa ushahidi.

Nayaanza haya ya birika kwa sababu niliwahi kuandika karatasi, kwa Kiingereza safi, iliyosema kwamba dereva wetu aliungua akafa kwa kuwa hakusubiri. Ulikuwa uongo, na mimi nilijua ni uongo nilipokuwa nikiuandika. Nitaufikia. Kwanza nataka Fundi ajulikane, maana miaka mingi yeye aliishi na uzito wa karatasi hiyo, na mimi niliyeiandika nilikuwa nakula nashiba.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakupenda kuulizwa, na waliomuuliza walijibiwa kwamba alizaliwa gereji. Mimi nilimkuta katika kiwanda cha mbao pembeni mwa Eldoret, mji ambao sisi wa huku juu tuliuita Sisibo. Nilikuwa nimetoka Maragoli na cheti cha shule ya misheni na suruali moja, nikapewa kazi ya ukarani. Magogo yalitoka msitu wa Timboroa kwa reli kubwa hadi stesheni, na kutoka stesheni hadi yadi yetu yalivutwa na kichwa kidogo cha treni cha dizeli ambacho kiwanda kilikinunua kikiwa tayari kimechoka. Kikisimama karibu na vile vichwa virefu vya mvuke kilionekana kimeachwa na mama yake, kwa hiyo watu walikiita Ndama. Meneja hakulijua jina hilo. Fundi hakulijua jina lingine.

Ndama alikuwa mgonjwa wa kudumu, na Fundi alikuwa daktari mwenye matusi. Alikuwa nusu kiziwi, sikio la kushoto lilibaki vitani, lakini aliposhika bisibisi ndefu akaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio la kulia, alisikia mambo ambayo sisi wenye masikio mawili hatukuyasikia. Alifumba macho na kukunja uso. Mara moja alinishika kichwa, akanibandika kwenye ule mpini na kuniuliza nasikia nini.

"Kelele," nilisema.

"Kelele ya nini?"

"Ya injini, Fundi."

"Wewe karani wewe. Hii iko na beringi inalia ndani, inalia kabisa, na wewe unaniambia injini." Akanisukuma pembeni. "Rudi kwa karatasi yako. Karatasi hailii."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, ingawa yeye alilisema kwa kunitania tu.

Nyuma ya karakana alikuwa na rafu ya vyuma vilivyovunjika, na kila mfanyakazi mpya alisimamishwa mbele yake kabla ya kupewa spana. Kulikuwa na pistoni iliyotoboka katikati kwa joto, tundu la kupitisha kidole gumba. Kulikuwa na mkono wa pistoni uliopinda, ambao Fundi alisema ulikatika injini ikiwa mbioni, ukapasua ubavu wa chuma na kutoka nje na paja la mtu. Kulikuwa na vali isiyo na kichwa, na kichwa chenyewe kando yake kimesagwa mpaka hakitambuliki. Alivishika kimoja kimoja, akaeleza kilikufaje na nani alikuwa karibu. Hakupaza sauti hapo, na hapo tu ndipo hakutukana.

Cha mwisho kilikuwa kipande cha kifuniko cha ubavuni, kimejikunja pembeni. Hicho alikitoa jangwani upande wa Misri, wakati wa vita, alipokuwa akitengeneza mashine za jeshi. Beringi inayobeba mhimili unaozunguka ikipata moto kupita kiasi, alieleza, mafuta yaliyo tumboni mwa injini yanageuka ukungu. Ukungu huo unakaa mle kimya kwa kuwa hauna hewa ya kutosha. Ukifungua kifuniko wakati ndani bado kuna chuma chekundu, wewe ndiye unayeupelekea hewa. Mwenzake alifungua upesi kwa sababu sajini alikuwa na haraka. Fundi aliokota kile kipande, na tangu siku hiyo akawa mtu wa birika.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyeweza kukaa nusu siku akisubiri chuma kipoe hakuweza kusubiri mtu amalize sentensi. Alituhubiria habari ya kukaza kila nati, na mlango wa nyumba yake kwenye laini ya wafanyakazi ulining'inia kwa bawaba moja kwa muda wote niliomjua. Ukitaka kuingia uliuinua kwanza. Jumapili aliimba nyimbo za kanisa akiwa karakana, kwa sauti nzito iliyokwenda kombo kwa ajili ya sikio lake, lakini kanisani penyewe alifika mlangoni akarudi. Nilipomuuliza sababu alisema mhubiri wetu anazungumzia moto kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

Na alikuwa na kiburi. Hili nalisema mapema ili lisije likaonekana geni huko mbele. Kitu alichokwisha kutufundisha hakukirekebisha hata siku moja. Kama alisema jana nati inafungwa kwa kushoto, leo angevunja spana kuliko kukiri kwamba jana alikosea. Mbele ya meneja alishikilia neno lake zaidi, maana meneja alikuwa akitafuta siku ya kumwona amekosea.

Meneja alilichukia birika. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye ngozi iliyokataa jua, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani.

"Fundi! Wewe kufungua hii injini sasa hivi. Mimi nataka kazi, hapana taka chai."

"Chai iko moto, Bwana."

"Hapana uliza wewe chai!"

"Ndiyo, Bwana. Lakini iko moto."

Meneja aliondoka akitikisa kichwa, na Fundi akalirudisha birika mahali pake taratibu. Tuliokuwa tukitazama tuliinama tukacheka. Siku hizo nilimpenda kuliko mtu yeyote pale Sisibo.

Sasa dereva. Alikuwa Mnandi, kijana aliyeoa juzi, mke wake akiishi na mkwewe kwenye shamba la Mzungu upande wa Plateau. Alikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo. Alitembea akikimbia, alikula amesimama, aliongea maneno yakigongana. Wiki ya kwanza Fundi alimfukuza karakana mara tatu. Kisha, sijui kwa njia gani, wakaelewana, na yule dereva akawa mwaminifu wa birika kutupita sisi sote. Lilipokuwa mgongoni mwa Ndama alikaa mbele yake amekunja mikono, goti likimruka, lakini akakaa. Aliniambia mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na yeye aliapa kuwa mzee. "Nataka nizeeke mpaka nichoshe watu," alisema.

Ilikuwa Julai. Aliyekaa Eldoret anaijua baridi ya Julai: asubuhi nyasi nyeupe, mchana mvua ya mawe inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Siku hiyo Ndama alikuwa anatoka stesheni na mabehewa ya magogo. Aligonga mara mbili, akatoa moshi wa bluu, na dereva akamwingiza bandani akikokota miguu, akamzima. Fundi alikuwa kwenye nyumba ya misumeno, amefungua msumeno mkubwa na hawezi kuuacha. Alituma neno: wekeni birika, likipoa fungueni kifuniko, nitakuja niangalie beringi.

Tulipika chai, tukanywa, dereva akaliweka birika mahali pake. Kisha akaenda nyuma kukaza minyororo ya magogo. Nikabaki mimi, kwa kuwa ofisi yangu ilikuwa ubavuni mwa banda. Meneja akaja. Mabehewa yalikuwa yanatakiwa yapakuliwe na kurudi stesheni kabla ya jioni. Hakumtafuta Fundi. Alinitazama mimi, akasema akirudi akute injini imefunguliwa, na kama haijafunguliwa, kesho kutakuwa na karani mwingine.

Nitasema nilichofanya kama kilivyokuwa. Niliondoa birika mgongoni mwa Ndama nikaliweka mlangoni, juu ya jiwe, ambapo upepo na ile mvua ya mawe vilikuwa vinaingia. Niliuangalia mvuke ukikatika. Baadaye kidogo, muda ambao haukufika nusu ya ule wa kawaida, nikalirudisha na kulifuta maji kwa kofia yangu. Dereva alipokuja nikamwambia, "Imepoa."

Hakuniamini bila kupima. Alilichukua akaliweka shavuni, shavu la kulia kisha la kushoto, kama alivyofundishwa. Kisha akalegeza nati zote, akavuta kifuniko.

Sitaeleza sana. Kulikuwa na mshindo mzito usio mrefu, na ulimi wa moto ukatoka ubavuni mwa Ndama ukamfunika kuanzia kiunoni. Alikimbia hatua nne. Tulimzima kwa magunia. Aliishi mpaka usiku wa pili, na kila alipopata sauti aliuliza kama birika lilikuwa limepoa. Fundi alikaa naye muda wote. Mimi nilikuwa ofisini napiga chapa.

Meneja ndiye aliyesema maneno, nami nikayapiga. Dereva alifungua injini kwa haraka bila kusubiri, kinyume cha alivyofundishwa. Ilikuwa karatasi nzuri, kila mtu alibaki salama ndani yake isipokuwa marehemu. Na iliaminika kirahisi, kwa sababu nani asiyejua kwamba yule kijana alikuwa na haraka? Mke wake aliambiwa hivyo alipokuja kuchukua nguo. Kwa kuwa kosa lilikuwa la mume, kiwanda hakikumpa chochote. Aliondoka na mtoto mgongoni na koti la kazi mkononi.

Fundi alinijia baada ya mazishi. Alisimama mlangoni pa ofisi, kofia kifuani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya kwa Mwafrika mwenzake.

"Karani. Wewe ulikuwa hapo. Birika ilipoa?"

"Sikuona, Fundi. Nilikuwa na karatasi zangu."

 Kisha akaitikia kwa kichwa, akaenda karakana, akachukua birika. Rafu ya vyuma aliiacha. Hakuna aliyemfukuza, aliondoka mwenyewe, na mwezi haukuisha kabla ya vijana wapya kuvitumia vile vyuma kuegemezea milango.

Miaka ilipita. Nilipanda cheo, nikanunua baiskeli, nikaoa. Watu waliniambia Fundi yuko upande wa Plateau, anatengeneza majembe ya trekta kwenye mashamba, hana nyumba ya maana, anaongea peke yake. Nilisema nitakwenda. Nilisema hivyo kila mwaka. Kisha nikapata habari kwamba yuko hospitali ya misheni kule Plateau na hatoki, na nikaona aibu ya kutokwenda sasa imezidi hofu ya kwenda.

Nilimkuta amekonda, shuka linamfunika kama halina mtu ndani. Birika la kijani lilikuwa chini ya kitanda. Hakushangaa kuniona. Ilibidi niinamie sikio lake la kulia, kwa hiyo nilimwambia yote nikiwa nimeinama, sikumwona uso: kwamba nililiondoa mgongoni, nililiweka mlangoni, nililifuta kwa kofia, nilisema limepoa.

Mkono wake ulishuka chini ya kitanda ukaligusa birika.

"Hata ungeiacha pale pale," alisema, "ingepoa mapema. Ile hesabu ya birika ni ya jangwani. Kule ngozi ya injini inapoa polepole. Hapa baridi inakamata chuma ya nje, na ndani bado ni moto. Mimi nilijua hiyo kutoka mwaka wa kwanza."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka kuwaambia mngoje birika mbili, moja baada ya ingine. Lakini ningesema hivyo, meneja angecheka. Na nyinyi mngeona sijui kazi." Alipumua. "Nikasema, ah, mpaka leo hakuna kitu imetokea."

Naungama kwamba nilipata nafuu. Niliisikia ikinishuka kifuani, na hapo hapo nikajichukia kwa kuisikia. Fundi alikuwa ameniona.

"Usishukuru," alisema. "Wewe uliisogeza."

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamla. Mjane wa dereva alikuwa akiishi si mbali, na tangu Fundi alipolazwa mama huyo alimletea maziwa kila siku ya pili. Zamani, mwaka ule Fundi aliohamia kule, mama huyo alimfuata kwenye trekta aliyokuwa akiitengeneza, akasimama mbele yake na kumwomba msamaha. Alimwomba kwa niaba ya mumewe, kwa kumharibia kazi na jina kwa haraka yake.

"Aliniomba msamaha, Karani. Yeye. Mimi." Alilivuta shuka kifuani. "Nikasema, haya mama, nimesamehe."

Nilikaa. 

"Kalamu iko?"

"Iko, Fundi."

"Andika. Wewe unajua kuandika."

Niliandika alivyosema, kwa Kiswahili, kwenye karatasi niliyong'oa kwenye daftari langu. Haikuwa ndefu. Mama, mume wako alisubiri. Alifanya vile nilivyomfundisha. Mimi ndiye nilimfundisha vibaya. Akaniambia nimalizie hapo, nimwekee kalamu mkononi aweke alama yake. Aliweka. Chini ya alama hiyo, bila kuambiwa, niliongeza kwamba birika liliondolewa mahali pake na karani, na karani huyo ndiye aliyesema limepoa, na jina langu nikaliandika lote.

Mjane alikuja alasiri na kibuyu cha maziwa, mwanamke mrefu mwenye uso mgumu, kanga imefungwa begani. Alinitambua. Nilisimama, nikaisoma ile karatasi kwa sauti kubwa ili Fundi naye asikie. Nilipofika kwenye sehemu yangu niliona jinsi ilivyo rahisi kukunja karatasi na kusema imeisha. Nikaisoma.

Alisimama na kibuyu chake. Hakulia wala hakututukana, ingawa nadhani sote wawili tulikuwa tunangoja atutukane.

"Mtoto yangu," alisema, "akikimbia, mimi namchapa. Namwambia haraka ndiyo iliua baba yako. Nimemchapa mpaka siku hizi anatembea tu. Watoto wengine wanakimbia, yeye anatembea."

Fundi aligeuza uso ukutani.

Mama akaweka kibuyu sakafuni, akanyoosha mkono nikampa karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kila upande. "Mimi sijui kusoma, Karani. Nionyeshe mahali imeandikwa alisubiri."

Nilimshika kidole nikakiweka juu ya neno. Alikiacha pale. Muuguzi alipita na sinia ya vikombe, akaomba njia, akapita tena kurudi, na yule mama alikuwa bado amesimama kati ya vitanda, kidole chake kikiwa mahali nilipokiweka.